Meli Ndogo, Milima ya Moto na Saa za Nchi Kavu

Mama mmoja wa Shela, Lamu, ameniandikia hivi:

"Assalaam alaykum. Mimi na mume wangu tumezaliwa Lamu na tumezeekea hapa. Wanetu wamechangishana pesa ili watupe zawadi ya safari ya bahari, na wakala amewaonyesha safari mbili za siku nane. Ya kwanza ni ya meli kubwa ya abiria 3,000 inayozunguka visiwa vya Ugiriki na kufika Santorini. Ya pili ni ya meli ndogo ya kifahari ya abiria 60 inayotoka Sicily, Italia, na kuzunguka visiwa vya Aeolian, vyote vya volkano, na bei yake inakaribia mara tatu ya ile ya kwanza. Mume wangu alikuwa nahodha wa jahazi, ana miaka 70 na magoti yanamsumbua. Mimi bahari ikichafuka hushikwa na kichefuchefu. Je, tofauti hiyo ya bei ina maana yoyote? Milima hiyo ya moto haina hatari? Na kwa nini tusiende Ngazija tu, huko Komoro, kwa ndugu zetu?"

Wa alaykum salaam, Mama. Nilifanya kazi katika meli ndogo za abiria kabla ya kurudi hapa Malindi na kuanza kuwashauri wasafiri, na ushauri wangu ni huu: kati ya safari mbili mlizoonyeshwa, chukueni ile ya meli ndogo, lakini msiichukue kwa sababu ya fahari yake. Katika visiwa vya volkano, msafiri hulipia uwezo wa meli kuikaribia nchi kavu na saa ambazo yeye mwenyewe atazipata akiwa huko. Zulia, mashuka na sahani za kaure ni nyongeza. Wakala akishindwa kuwaonyesha saa hizo kwa maandishi, kisiwa kwa kisiwa, basi bei yake haina msingi, hata picha za vyumba zikipendeza vipi.

Ili uone kwa nini nasema hivyo, anza na bahari unayoijua. Lamu, Manda na Pate ni visiwa vya chini, vya matumbawe, mchanga na mikoko, vilivyokaa juu ya maji mafupi. Mume wako anajua kuliko mimi kwamba mkondo wa Mkanda haupitiki mpaka maji yajae, na kwamba nahodha wa huku huogopa fungu kuliko anavyoogopa kilindi. Kisiwa cha volkano ni kinyume cha hayo yote. Ni kilele cha mlima uliojengwa na lava kutoka sakafu ya bahari, na sehemu tunayoiona juu ya maji ni kipande tu: Stromboli, mlima wa moto katika hivyo visiwa vya Aeolian, una mita 924 juu ya bahari, lakini chini ya maji unashuka takriban mita 2,000 nyingine. Mteremko ule ule mkali wa nchi kavu huendelea baharini, kwa hiyo mwendo mfupi tu kutoka ufuoni maji huwa tayari ni ya kina kikubwa, nanga hukosa pa kushika, na ghuba za kujikinga na upepo huwa haba.

Santorini yenyewe ni mfano ulio wazi kabisa. Ile ghuba ya buluu inayozungukwa na majabali ni kasoko kubwa ya volkano iliyojaa maji ya bahari, na mlipuko mkubwa uliotokea yapata miaka 3,600 iliyopita ndio ulioiporomosha ikawa kama ilivyo leo. Kina chake kinakaribia mita 400, kwa hiyo meli kubwa haziwezi kutia nanga humo kwa njia ya kawaida. Hubaki katikati ya maji huku abiria wakishushwa kwa boti mpaka bandari ya zamani iliyo chini ya mji wa Fira. Kutoka hapo hadi mjini kuna njia tatu tu: kigari kinachoning'inia kwenye waya, punda, au ngazi za mawe zinazokaribia 600. Kwa magoti ya mume wako ngazi hazifai, na punda kwenye ngazi zile simshauri mtu wa umri wake ampande, kwa hiyo kinabaki kigari cha waya, ambacho abiria wote wa meli zote zilizofika siku hiyo wanakitegemea. Msongamano umekuwa mkubwa hata wenye mamlaka wakaweka kikomo cha abiria 8,000 wa meli kwa siku, na bado idadi hiyo ni ya watu wanaotaka kupanda asubuhi ile ile na kushuka jioni ile ile. Kwa hiyo mkiambiwa kwamba meli itakaa Santorini kwa muda wa saa nane, toeni saa za kungoja boti, za kungoja kigari cha kupanda na za kungoja tena cha kushuka, kisha mjiulize mmebakiwa na ngapi za kuutembelea mji.

Meli ya watu 60 inafanya kazi kwa namna nyingine. Kwa kuwa ni fupi na haizami sana majini, inaweza kusogea karibu na vijiji vyenye gati dogo, na panapokuwa hapana gati, boti mbili tatu za mpira huwashusha abiria wote kwa muda mfupi. Ikiwa upepo umegeuka na upande mmoja wa kisiwa umechafuka, nahodha huizungusha meli akatafuta upande wa pili uliotulia, jambo ambalo mume wako alilifanya maisha yake yote kwa tanga. Visiwa vya Aeolian ni saba, yaani Lipari, Salina, Vulcano, Stromboli, Panarea, Filicudi na Alicudi, na viliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, mwaka mmoja tu kabla ya Mji wa Kale wa Lamu. Umbali kati yao ni mdogo, kwa hiyo meli ikipangwa vizuri inaweza kuwaamsha kwenye kisiwa kimoja na kuwalaza kwenye kingine bila kuwapotezea mchana baharini. Lipari ina mji wenye ngome na makumbusho mazuri ya vitu vya kale, kwa sababu kioo cheusi cha volkano kilichochimbwa hapo kilisafirishwa mbali tangu zama za mawe kutengenezewa visu na ncha za mishale. Na kaskazini-mashariki mwake kuna miteremko myeupe ya mawe mepesi ambayo ukiyatupa majini yanaelea. Salina ni kijani, ina vilele viwili vilivyozimika na mashamba mengi. Alicudi haina barabara ya gari hata moja, ni ngazi za mawe tupu, na mizigo yake bado hubebwa na nyumbu. Huko mume wako abaki sitahani na darubini, wala asione kwamba amepungukiwa na kitu.

Kuhusu bei, wanenu wasidhani kwamba tofauti yote ni faida ya mwenye meli. Meli yoyote, kubwa au ndogo, inahitaji nahodha, maofisa wa zamu, mainjinia, mafuta na ada za bandari, na gharama hizo zikigawanywa kwa watu 60 badala ya 3,000, kila mmoja huangukiwa na fungu zito. Tena katika meli ndogo za kifahari wahudumu hukaribia kuwa sawa kwa idadi na abiria, wakati katika meli kubwa mhudumu mmoja huwa na abiria wawili watatu. Lakini kuna jambo moja ambalo mawakala hawalisemi kwa wateja kama nyinyi: bei ya meli za namna hii mara nyingi imejumuisha vileo vyote, na vileo ni sehemu kubwa ya matumizi ya abiria wa Ulaya. Nyinyi hamnywi. Waambieni wanenu waulize wazi kama kuna bei isiyo na vinywaji hivyo, au kama thamani yake inaweza kugeuzwa kuwa matembezi ya nchi kavu, gari la kuwapokea uwanja wa ndege au chumba kilicho mahali pazuri zaidi. Baadhi ya kampuni hukubali, hasa vyumba vikiwa bado havijajaa, na zikikataa mtakuwa mmejua mnalipia nini. Waulize pia kama bahashishi za mabaharia zimo ndani ya bei, kwa sababu zisipokuwamo hudaiwa siku ya mwisho na huwa si haba.

Sasa nije kwenye hatari, na hapa nitasema kwa urefu kidogo kwa sababu ndipo ninapoona watu wakidanganywa pande zote mbili, wengine wakitishwa bure na wengine wakihakikishiwa mambo ambayo hakuna mwanadamu anayeweza kuyahakikisha.

Tarehe 9 Desemba 2019, kisiwa cha Whakaari huko New Zealand kililipuka wakati watu 47 walikuwa juu yake, wengi wao abiria wa meli kubwa ya kitalii waliokuwa wamenunua matembezi ya siku moja. Watu 22 walifariki. Kiwango cha tahadhari cha volkano ile kilikuwa kimepandishwa wiki tatu kabla, na matembezi hayakusimamishwa. Ninaikumbusha habari hiyo kwa sababu inaonyesha mahali hatari ilipo hasa. Volkano haimkimbizi mtu aliye kwenye meli umbali wa maili kadhaa. Inamdhuru aliyepelekwa kwenye mdomo wa kasoko na mtu ambaye mapato yake yanategemea kumpeleka. Kwa hiyo swali la kumwuliza wakala ni hili: kiwango cha tahadhari kikipanda, ni nani katika kampuni yenu ana mamlaka ya kufuta matembezi, na je, mteja hurudishiwa pesa za matembezi yaliyofutwa? Kampuni inayorudisha pesa bila ubishi humpa kiongozi wake uhuru wa kusema hapana.

Upande wa Italia, ulinzi wenyewe ni mzuri. Stromboli, Vulcano na Etna, mlima wa moto wa Sicily yenyewe, zinachunguzwa usiku na mchana na Taasisi ya Taifa ya Jiofizikia na Volkano ya Italia, na idara ya ulinzi wa raia hutangaza tahadhari kwa rangi nne: kijani, manjano, chungwa na nyekundu. Hata hivyo Stromboli si mlima wa kuuzoea. Hutoa milipuko midogo kila baada ya dakika kadhaa, na umekuwa ukifanya hivyo kwa zaidi ya miaka 2,000, kiasi kwamba mabaharia wa kale waliuita mnara wa taa wa Mediterania. Lakini mara moja moja hulipuka kwa nguvu isiyo ya kawaida. Tarehe 30 Desemba 2002, sehemu ya mteremko wake iliporomoka baharini ikazusha mawimbi ya tsunami yaliyopiga kijiji, na tangu hapo kisiwa kimewekewa mitambo ya kupima bahari na ving'ora. Tarehe 3 Julai 2019, mlipuko mwingine ulimwua mtu mmoja aliyekuwa akipanda mlima. Kupanda juu siku hizi kunaruhusiwa tu hadi kimo kinachobadilishwa kulingana na hali, na sehemu za juu ni lazima kuwa na kiongozi mwenye leseni. Kwenu nyinyi jambo hilo halina uzito, kwa kuwa hamtapanda. Vulcano nayo ina tatizo tofauti: gesi. Mwishoni mwa 2021 gesi inayotoka ardhini karibu na bandari iliongezeka mpaka wakazi wa sehemu ile wakakatazwa kulala majumbani mwao kwa muda. Ikiwa mmoja wenu ana pumu au ugonjwa wa moyo, kisiwa hicho mkione kutoka sitahani, na harufu ya kibiriti itawafikia huko huko.

Kuhusu chombo chenyewe, meli yoyote inayobeba abiria zaidi ya 12 katika safari za kimataifa inafungwa na mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, iwe kubwa au ndogo. Baada ya ajali ya Costa Concordia ya Januari 2012, iliyoua watu 32 karibu na kisiwa cha Giglio nchini Italia, kanuni zilikazwa ili zoezi la kukusanyika na kuvaa maboya lifanyike kabla ya kung'oa nanga au mara tu baada yake. Nendeni wote wawili kwenye zoezi hilo, na mtembee kwa miguu kutoka chumbani kwenu hadi mahali pa kukusanyikia, ili mzee ajue ni ngazi ngapi na ni zipi zenye vishikizo.

Hilo linanileta kwenye magoti yake. Meli ndogo nyingi hazina lifti, au zina moja isiyofika sitaha zote, kwa hiyo ulizeni idadi ya ngazi kati ya chumba, chumba cha kulia na mlango wa kushukia boti. Kushuka kwenye boti ya mpira kuna namna yake: baharia na abiria hushikana vifundo vya mikono, si viganja, kisha mtu hukanyaga ukingo wa boti, hushuka ndani na kukaa papo hapo. Kipimo rahisi ninachokitumia kwa wateja wangu wa Lamu ni gati la uwanja wa ndege wa Manda. Ikiwa mzee anaweza kupanda na kushuka boti pale maji yakiwa yamekupwa, huku akishikwa mkono mmoja tu, basi ataziweza boti za meli hii bahari ikiwa tulivu. Akishindwa pale, asikate tamaa, lakini chagueni safari ambayo visiwa vyake vingi vina gati, na mliandike jambo hilo kwenye fomu ya afya bila kulificha. Wafanyakazi wa meli wakijua mapema huandaa ngazi fupi na mtu wa ziada. Wakigundua wakati boti inapigwa na wimbi, hawana la kufanya ila kumzuia.

Kisha kuna usiku mmoja ambao kwa maoni yangu unatosha kuamua safari hii. Upande wa kaskazini-magharibi wa Stromboli kuna mteremko mkubwa mweusi uitwao Sciara del Fuoco, ambao mawe ya moto yanayorushwa na kasoko huviringika juu yake hadi baharini. Mahali pazuri pa kuyaona ni baharini penyewe, gizani, kwa umbali uliowekwa na wenye mamlaka ya bandari. Wapandaji mlima hutokwa jasho kwa saa kadhaa ili waone kile ambacho mume wako atakiona akiwa ameketi sitahani amejifunika shali. Meli kubwa nayo huweza kupita hapo, lakini hupita. Ratiba yake haimruhusu nahodha kuzima mitambo mikubwa na kungoja. Meli ndogo hungoja saa moja au mbili, taa za sitaha zikiwa zimezimwa, na ukimya ukiwa wa kutosha kusikia mngurumo ukifika sekunde chache baada ya mwako kuonekana. Hakikisheni usiku huo umeandikwa kwenye ratiba, na kwamba unaweza kusogezwa mbele au nyuma siku moja kama mawingu yatafunika kilele.

Kichefuchefu chako, Mama, kinatibiwa kwanza na kalenda. Bahari ya Mediterania huwa tulivu zaidi kuanzia mwisho wa Mei hadi Septemba; Julai na Agosti kuna joto kali na watu wengi mno, na huko Ugiriki ndio wakati wa upepo mkali wa kaskazini unaovuma mchana kutwa. Mimi ningechagua Juni mapema au nusu ya pili ya Septemba, wakati maji bado yana joto na bei za vyumba zimeanza kulegea. Angalieni tu tarehe za mfunguo sita, kwa sababu mwezi wa Maulidi hurudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka wa kizungu, na sidhani kama mtakubali kuwa mbali na Msikiti wa Riyadha siku ambazo Lamu nzima inajaa wageni. Dawa ya pili ni mahali pa chumba. Meli ikienda mrama, sehemu inayotikisika kidogo kuliko zote ni ya katikati na ya chini, karibu na maji; vyumba vya juu vyenye baraza, ambavyo ndivyo ghali, husukwa zaidi. Kwa hiyo chumba kinachokufaa wewe ni kimojawapo cha bei nafuu. Ulizeni pia kama meli ina mapezi ya kupunguza mrama yanayofanya kazi hata ikiwa imesimama, kwa kuwa meli ndogo ikitia nanga mahali penye mawimbi ya ubavu huyumba kuliko inapotembea. Vidonge vya kuzuia kichefuchefu humezwa kabla ya bahari kuchafuka, na kama mmoja wenu anatumia dawa za presha, mwulizeni daktari wenu kwanza.

Chakula kinahitaji barua, tena mapema. Mpishi wa Sicily hutia divai kwenye mchuzi wa samaki bila kuona kwamba ametia kitu, na ganda la cannoli, kile kitamutamu chao maarufu, kwa desturi hukandwa kwa mafuta ya nguruwe na divai. Mkisema tu kwamba hamli nguruwe, mtaondolewa nyama na kuachiwa hayo mengine yote. Andikeni kwa ukamilifu: hatuli nguruwe wala mafuta yake, hatutumii pombe hata iliyopikwa, hatuli vitu vyenye jeli ya mifupa isiyojulikana, na nyama yetu ni ya kuchinjwa kihalali au tuleteeni samaki. Barua hiyo ifike wiki sita kabla ya safari, kwa kuwa vyakula hununuliwa bandarini kabla ya kuondoka. Hapa ndipo udogo wa meli unapowafaa tena, kwani mpishi wa watu 60 atawajua kwa majina siku ya pili. Kuhusu sala, kibla ambacho kwenu Lamu ni karibu kaskazini kabisa, kule ni kusini-mashariki, na meli ikigeuka nacho hugeuka. Mzee ana dira yake, atawatangulia.

Karatasi za safari zisicheleweshwe. Italia na Ugiriki zote zinataka visa ya Schengen kwa mwenye pasipoti ya Kenya, na maombi hupokelewa kuanzia miezi sita hadi siku 15 kabla ya kusafiri. Ada ya mtu mzima ni euro 90, na bima ya safari yenye kinga isiyopungua euro 30,000 ni sharti. Nyinyi chukueni bima kubwa kuliko hiyo, inayotaja wazi gharama ya kuhamishwa kwa helikopta kutoka melini na inayokubali maradhi ambayo mnayo tayari. Daktari wa meli ndogo anaweza kufunga kidonda na kutuliza maumivu ya kifua, lakini hana chumba cha upasuaji. Kwa kuwa safari inalipiwa na watoto, kila mmoja wao aandike barua ya udhamini pamoja na taarifa ya benki yake. Msilipe pesa zote kabla visa haijatoka, isipokuwa mkataba unasema wazi kwamba visa ikikataliwa malipo yatarudishwa.

Sasa Ngazija. Hapa jibu langu litatofautiana na la wakala yeyote, kwa sababu wakala hapati chochote ndani yake.

Visiwa vya Komoro ni visiwa vya volkano sawasawa na hivyo vya Italia, na kwa mtu wa Lamu vina uzito ambao Sicily haiwezi kuwa nao. Habib Saleh, aliyeasisi Riyadha, alizaliwa Ngazija kabla ya kuhamia Lamu, na lugha wanayozungumza wenyeji utaisikia kama ya jamaa aliyekulia mbali. Kutoka Lamu hadi Moroni ni kama kilomita elfu moja, na mzee wako huenda ana marafiki waliokuwa wakiifuata njia hiyo kwa kusi na kaskazi. Mlima wa Ngazija, Karthala, una urefu wa mita 2,361 na bado uko hai kabisa. Mwaka 1977 lava yake iliharibu kijiji cha Singani. Mwaka 2005 ulirusha majivu mara mbili, Aprili na Novemba, yakaingia kwenye matangi na mabirika ya watu, na hilo lilikuwa balaa kubwa kuliko moto wenyewe. Kwani lava changa ya Ngazija inapitisha maji kama chujio, mvua hunyesha kwa wingi na yote huzama, mito hakuna, na nyumba nyingi hutegemea maji ya kukingwa. Visiwa jirani vya Nzwani na Mwali ni vikongwe zaidi, mwamba wake umeshakuwa udongo, na ndiyo maana vina vijito na mabonde ya kijani. Ukifika Nzwani utaona mitambo ya kukamulia mafuta ya langilangi, na Mwali, katika kijiji cha Itsamia, kasa hupanda ufuoni kutaga usiku. Moroni ina msikiti wake wa zamani wa Ijumaa, mweupe, uliojengwa ukingoni mwa maji penye mwamba mweusi wa lava. Na kwenye pango za lava zilizo katika kina kirefu cha bahari hiyo huishi gombesa, yule samaki wa kale ambaye wataalamu walidhani ametoweka tangu zama za mijusi mikubwa. Wa Komoro alitambuliwa mwaka 1952, na mwaka 2001 mmoja alinaswa hapa kwetu Malindi.

Pamoja na hayo, siwashauri kwenda Komoro kwa meli ya kifahari. Meli za namna hiyo hupita huko mara chache, ndani ya safari ndefu zinazounganisha Ushelisheli, Madagaska na Zanzibar, na mara nyingi hutoa siku moja tu kwa Ngazija au Nzwani. Bandari ya Moroni haina kina cha kupokea meli kubwa, na bahari ikichafuka kituo hicho hufutwa. Mtakuwa mmelipa pesa nyingi ili mwone mji wa ndugu zenu kwa mbali. Ngazija inafaa kuendewa kwa ndege, kukaa wiki mbili, kulala katika nyumba ya wageni na kuvuka kwenda Nzwani kwa ndege ndogo au chombo cha wenyeji siku ambayo mzee mwenyewe ameitazama bahari na kuridhika. Gharama yake yote haitafika nusu ya ile ya meli ndogo ya Italia, na saa za nchi kavu mtazipata zote. Epukeni Desemba hadi Aprili, kwa sababu ya mvua na vimbunga. Kenneth ilivipiga visiwa hivyo Aprili 2019, na Chido iliiharibu vibaya Maore, yaani Mayotte, Desemba 2024. Juni na Julai kusi ni kali. Septemba na Oktoba ndiyo miezi ya kuvuka. Kama mna nia ya kufika Maore pia, jueni kwamba iko chini ya Ufaransa na inahitaji visa yake peke yake. Ile ya Schengen ya kawaida haitoshi.

Kwa hiyo, pesa za wanenu zikitosha safari moja tu, na kama moyo wako uko Ngazija, nendeni Ngazija bila kuona kwamba mmechagua kilicho duni. Lakini zawadi ikiwa imekusudiwa kuwa ya meli, chukueni hiyo ya abiria 60, mwezi wa Juni au mwisho wa Septemba, chumba cha chini katikati ya meli, usiku wa Stromboli ukiwa umeandikwa kwenye ratiba. Mkishapata ratiba yenye saa za kila kisiwa na nakala ya masharti ya kufuta safari, niletee kabla wanenu hawajalipa malipo ya kwanza, nami nitaisoma mstari kwa mstari.